Yah: Ombi la Kutumiwa Afisa wa Kuja Kulala

Kwa Waheshimiwa Wagawaji wa Mikopo ya Elimu ya Juu,

Tafadhali husikeni na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni mwenye steshenari hapa Masasi, si mbali na stendi. Mtaniwia radhi kwa kuwaandikia moja kwa moja bila kupitia kwa mtendaji wa kata. Nimeogopa angeniambia muhuri umekwenda semina.

Kabla ya ombi, shukrani. Miezi mingi ya mwaka kazi yangu ni ya kubangaiza: kopi ya hati ya kiwanja, barua ya kuomba likizo, picha ndogo za mtu anayetafuta kazi ya ulinzi. Halafu ninyi mnafungua dirisha la maombi, na mji mzima unanikumbuka. Waliomaliza kidato cha sita, mama zao, wajomba zao, wadhamini wao, wote wanajaa kwangu hadi barazani. Wenzangu hapa wanahangaika na korosho, zao lenye ubwiri unga na minada isiyotabirika. Mimi nimepata zao lisilougua. Umaskini unastawi mvua inyeshe isinyeshe, na tangu ninyi muanze kuutaka kwa maandishi, kila msimu unahitaji kopi.

Hesabu yenyewe ni tamu. Mtoto asiye na kitu ananijia nimchapishie fomu. Anaondoka nayo kwenda kwa mwenyekiti wa kijiji, aandike kwamba anamfahamu. Kutoka hapo kwa mtendaji, agonge muhuri. Mtendaji hadai chochote, ila wino ni ghali siku hizi. Kisha kwa wakili au hakimu, kwa kiapo. Mdhamini atoe picha na kitambulisho. Cheti cha kuzaliwa kikahakikiwe. Kama kuna mzazi aliyefariki, cheti cha kifo nacho kikahakikiwe. Kila karatasi inarudi kwangu kuskaniwa, na ikiskaniwa upande inarudi tena. Juu ya hayo yote kuna shilingi 30,000 yenu ya maombi, ambayo haimrudii mtu hata akikosa mkopo. Kwa viwango vyenu wenyewe, tangu mwaka wa masomo 2022/23 mwanafunzi anakula na kulala kwa shilingi 10,000 kwa siku. Maana yake mnaanza kwa kumlia siku tatu kabla hajafika chuoni.

Tena mnajua kuchagua msimu. Hela ya Masasi inaonekana Oktoba, minada ya korosho ikianza. Dirisha lenu linakuwa wazi katikati ya mwaka, mikorosho ikiwa na maua na mwenye shamba akiwa na madeni ya palizi. Kwa hiyo mtu anauza mbuzi ili apate nauli na ada za kuthibitisha kwamba hana mbuzi. Nimeshuhudia. Aliuzwa kwa bei ya kutupa, kwa sababu mnunuzi naye alijua dirisha linafungwa lini. Na siku ya kufunga, mfumo ukilemewa na watu wakikesha kwangu wakitazama kile kiduara kinachozunguka, mnaongeza muda kidogo, na sisi tunapiga makofi.

Msimu uliopita alinijia mama mmoja kutoka upande wa Lukuledi. Kijana wake alikuwa kambini JKT, kwa hiyo mama ndiye mwombaji, ndiye tarishi, ndiye mwenye kutunza namba ya mtihani ya kidato cha nne, aliyoiandika kwa kalamu ya bluu nyuma ya kadi ya kliniki. Vyeti vilikuwa ndani ya bahasha ya kaki, bahasha ndani ya kitambaa, kitambaa ndani ya kikapu. Cheti cha kifo cha mumewe kilikuwa kimekaa kwenye mkunjo miaka mingi hadi mkunjo ukapita juu ya jina na kulitoboa. Nilikilaza kwenye skana nikakikandamiza kwa kitabu kikanyooka, kikasomeka. Tatizo likawa jingine. Cheti cha kifo kimeandika Saidi. Cheti cha kuzaliwa cha mtoto kimeandika Said.

"Hapa itabidi uende kwa wakili, mama," nikamwambia. "Ukaape."

"Niape nini, baba?"

"Kwamba Saidi na Said ni mtu mmoja."

Akanitazama, akaitazama skana. "Nimezaa naye watoto watano. Wakili ndiye atakayenijulisha mume wangu?"

Akaenda, kwa sababu hana pa kukataa. Wakili ana bei yake na gari ya Lukuledi ina nauli yake. Na cheti hicho, waheshimiwa, si kigeni kwenu. Dada wa kijana huyo aliwaombeni mkopo miaka michache nyuma kwa cheti hicho hicho, kikahakikiwa, mkakipokea. Tangu hapo marehemu hajabadili msimamo. Yuko pale pale mlipomwacha. Jina lake mnalo, tarehe mnayo, namba ya cheti mnayo, na bado mnamtaka mjane akaifukue tena ile karatasi, ailipie tena, aiapie tena, tena mbele ya foleni ya watoto wa shule wanaomsikiliza. Mnataka baba wa watu afe mara ngapi ndipo mridhike? Hivi nani aliwafundisha kazi hii?

Mniwie radhi. Chumba changu ni kidogo na mashine ya kopi inatoa joto.

Nirudi kwenye ombi. Kwa kuwa karatasi haziwatoshi, na kwa ninavyoona hazitawatosha kamwe, nashauri mwone kwa macho. Tumeni afisa aje alale.

Simaanishi aje kukagua. Ukaguzi tunaujua. Gari la serikali likionekana tu barabarani, mwenyekiti atakuwa ameshatuma watoto. Viti vya plastiki vitatoka ofisi ya chama cha ushirika. Sahani zenye maua zitatoka kwa jirani, aliyezipata kwenye harusi ya bintiye. Kuku atakimbizwa na kukamatwa, na atakuwa yule mtetea wa mayai, maana jogoo aliuzwa kulipia wino. Mchele utakopwa dukani. Mwenye nyumba atavaa shati la Idi, na bibi atatandika mkeka mpya aliokuwa ameuweka kwa ajili ya msiba. Mgeni atanawishwa kwa maji ya vuguvugu, atakula wali kwa kuku, atamaliziwa kwa papai. Akirudi ofisini ataandika kwa mkono ulioshiba: kaya ina viti vinane, inakula wali na nyama, mwombaji asilimia sifuri. Na kaya itaendelea kulipa deni la mchele hadi mtoto asahau alitaka kusomea nini.

Huku hakuna anayemwonyesha mgeni njaa yake. Ninyi nanyi mna kwenu, hili mnalijua.

Kwa hiyo afisa wangu asije kama mgeni. Aje kama ndugu, maana ni mbele ya ndugu tu ndipo sufuria hufunuliwa ilivyo. Napendekeza awe binamu wa marehemu, aliyepotelea Dar es Salaam miaka mingi na sasa amerudi bila kitu. Wa aina hiyo tunao wa kutosha na hakuna atakayeshtuka. Aje kwa basi, siti ya nyuma kabisa. Simu yake iwe kitochi. Asije Novemba, korosho ikiwa imelipwa na kila mtu ana soda mkononi, atatuponza. Aje mwishoni mwa Januari, hela ya korosho ikiwa imeishia kwenye sare na madaftari, na mahindi shambani yakiwa bado ya kutazamwa. Alale na watoto wa kiume, kwenye kitanda cha kamba ambacho tayari kina watu watatu. Mvua ikianza usiku atajifunza kuinuka bila kuambiwa na kusogeza ndoo panapovuja.

Halafu asiangalie paa. Najua wakaguzi wanapenda sana paa. Nyumba nyingi za huku zina bati, na bati hilo lina historia: lilinunuliwa msimu wa 2017, korosho ilipovuka shilingi 4,000 kwa kilo mnadani na watu wakadhani Mungu amehamia Mtwara. Msimu uliofuata bei ikaporomoka, mauzo yakakwama, na Novemba 2018 serikali ikatuma wanajeshi waje kubeba korosho. Bati likabaki, pamoja na matundu yake ya misumari. Bati haliliwi wala halilipi ada, na ukilishusha ukaliuza utakuwa maskini halali, lakini umelowa. Afisa aangalie chini: miguu ya watoto, kuni, na lile debe la mahindi ambalo bibi hulipima kwa kikombe mwenyewe, wala hamruhusu mtu mwingine kushika kikombe hicho.

Baada ya siku kadhaa atazoea. Jioni moja kijana aliyefaulu atamletea fomu yenu amsaidie kuijaza, kwa kuwa binamu ametoka Dar es Salaam na lazima anajua mambo. Hapo ndipo ninapopata raha nikifikiria: afisa wenu amekalia kinu kilichogeuzwa, tochi ya simu ameing'ata mdomoni, anasoma swali alilolitunga mwenyewe ofisini, na halielewi. Anauliza, "Hapa wanataka kipato cha mwezi au cha mwaka?" Kijana anamjibu kwamba hata mwenye steshenari hajui. Anauliza tena, "Sasa baba yako tumwandike Saidi au Said?" Na bibi, aliyekuwa kimya, anasema kutoka jikoni kwamba alipomzaa hakumpa herufi, alimpa jina.

Najua atadai posho, maana kulala nje ya kituo cha kazi ni kulala nje ya kituo cha kazi hata kama umelala na watoto watatu. Posho ya afisa ya usiku mmoja inazidi mara nyingi ile shilingi 10,000 mnayomkadiria mwanafunzi kwa siku nzima. Naomba posho hiyo akabidhiwe bibi mwenye debe. Afisa akikaa kwa muda wa kutosha, kijana atakuwa amepata ada ya mwaka na hatahitaji mkopo wenu. Tatizo ni kwamba kaya nayo itakuwa imepata kipato, taarifa itabidi iseme hivyo, na wadogo zake watakosa. Hapo sina ushauri, mtajua wenyewe.

Yapo na maombi mengine madogo, mkipata nafasi. Marehemu wote wapewe neno la siri, waingie wenyewe kwenye mfumo wajithibitishe. Au tungeni mtihani wa taifa wa umaskini, wenye nadharia na vitendo. Ubaya wake ni kwamba watoto wa shule za kulipia watapata tuisheni na watatuongoza hata humo. Halafu kuna yule binti aliyesomeshwa shule ya kulipia na mfadhili wa Kijerumani aliyejuana na familia kupitia misheni, na ambaye kwa sababu ya jina la shule mnamhesabu tajiri mpaka alete barua ya mfadhili. Mfadhili naye amekufa, huko huko kwao. Tuelekezeni cheti cha kifo cha Kijerumani kinahakikiwa dirisha namba ngapi.

Hayati Benjamin Mkapa alikuwa mtoto wa Lupaso, hapa hapa kwetu Masasi. Alipita Ndanda, Kigonsera na Pugu, akafika Makerere, akahitimu mwaka 1962, akaja kuwa Rais wa tatu wa nchi hii. Sijawahi kumsikia mzee yeyote wa Lupaso akijisifu kwamba yeye ndiye aliyegonga muhuri.

Kinachoniuma ni kwamba watoto hawa si wageni kwa serikali. Ada ya kidato cha kwanza hadi cha nne ilifutwa kuanzia 2016, ya kidato cha tano na cha sita ikafuata mwaka wa fedha 2022/23. Tulishangilia, na tulikuwa na haki ya kushangilia. Mtoto anashikwa mkono miaka yote hiyo bila kuulizwa baba yake anaandikwaje. Anafaulu. Anapata chuo. Amefika mlangoni ndipo mnamuuliza: wewe ni nani, na umaskini wako umeuacha wapi?

Na akipata, anapata asilimia. Huyu mmempa hela ya kula, ada nusu. Yule ada mmempa, hela ya kula nusu, kana kwamba mtu anaweza kula Jumatatu hadi Jumatano. Majina ya awamu ya kwanza yanatoka, hayumo. Ya pili, hayumo. Ya tatu yumo, lakini chuo kimeshafunguliwa na chumba hosteli hakuna. Anakwenda kubebana na mwenzake kitanda kimoja. Bumu likichelewa anakula kwa daftari la mama lishe. Mtoto wa mwenye nacho akikwama anapiga simu nyumbani. Wa kwetu akipiga simu nyumbani anaulizwa kama yeye anaweza kutuma chochote.

Mmoja wao naye alijazia fomu zake kwangu. Mwaka wa pili alikuwa bado anadaiwa sehemu ya ada ambayo mkopo haukuifikia, na mitihani ya mwisho wa muhula ilipokaribia, jina lake likawa kwenye orodha ya wasioruhusiwa kuingia chumba cha mtihani. Akaahirisha mwaka. Kijijini wakasema kadisko, chuo kimemshinda. Hakudisko. Matokeo yake ya kidato cha sita niliyachapisha mimi, alikuwa na A ya Kemia. Sasa hivi anaendesha bodaboda ya mtu, na akinikuta barazani anageuza uso upande wa pili. Nani amefeli hapo? Yeye? Mama yake? Au ofisi iliyotumia miezi kuhakiki kwamba hana hela, ikathibitisha kwamba kweli hana hela, kisha ikamwambia nusu nyingine atajua mwenyewe?

Haya, nimetulia.

Lakini kuna jambo moja nimeshindwa kulielewa, na nalileta kwenu kwa unyenyekevu. Kijana wa mama wa Lukuledi akibahatika kumaliza, akaajiriwa, hamhitaji mwenyekiti wa kijiji. Hamhitaji wakili, hamhitaji picha ndogo, wala hamuulizi mtu kama Saidi ndiye Said. Mnamkuta alipo. Mwajiri anaagizwa, na asilimia 15 ya mshahara wake inakatwa kila mwezi, kama sheria ilivyorekebishwa mwaka 2016. Mtambo usioweza kumwona baba yake kaburini unamwona mtoto kwenye orodha ya mishahara bila kupepesa jicho. Kumbe macho mnayo! Deni ni deni, na alipe, wadogo zake wasome. Ila msije tena kutuambia kwamba kuunganisha taarifa za mtu mmoja na nduguye ni kazi ngumu. Wakati wa kudai haijawahi kuwa ngumu.

Waheshimiwa, natambua kwamba mkinisikiliza nitarudi kwenye barua za likizo na hati za viwanja. Nimekubali hasara hiyo. Afisa wa kulala asipopatikana, basi ombi langu linabaki moja, nalo halihitaji basi wala posho: mwombaji ambaye cheti cha kifo cha mzazi wake mlishakihakiki, kwa ajili yake au kwa ajili ya ndugu yake wa tumbo moja, asidaiwe tena. Mtafuteni kwenye mfumo wenu kama mnavyomtafuta mdaiwa.

Mama wa Lukuledi ana mtoto wa tatu, naye anamaliza kidato cha sita mwakani. Nahitaji jibu lenu kabla dirisha halijafunguliwa.

Naomba kuwasilisha.

Wenu katika ujenzi wa taifa,
Mwenye steshenari, Masasi